Mwezi wa Bure Nyumbani kwa Sikuzani

Mama yangu anakodisha sahani. Nalisema hili mapema kwa sababu mtu wa nje ya Buyenzi, mtaa wetu wa Bujumbura, akisikia "biashara ya Sikuzani" hudhani ni duka la vitenge. Si vitenge. Ni sahani, sufuria, vikombe, mikeka na viti, vya harusi, vya matanga, vya hitima, na vya ubatizo vilevile, maana sahani haina dini. Na zikirudi na mafuta yaliyoganda, anayeziosha ni mimi, Houda, binti yake wa pekee.

Mwaka ule wa 2004 nilikuwa nimeachika. Mume wangu alisema nina mdomo. Ninao, ni kweli, lakini alinioa nikiwa nao, hakuukuta ndani ya nyumba kama panya. Nilirudi kwetu na sanduku moja na cheti cha kupiga taipu. Mama alinipokea vizuri sana: akanipa chumba, akanipa godoro, kisha akanipeleka uani akanionyesha sahani za harusi ya juzi. Cheti nilikitundika ukutani. Mikono niliiingiza kwenye beseni.

Sasa, Mama alikuwa na desturi ya kuweka biashara yote kichwani. Nani amechukua nini, harusi gani ni lini, sufuria gani ina mpini mbovu, vyote kichwani, na hakuwa akikosea. Tatizo ni kwamba tulikuwa vitani. Mwaka uliotangulia, bomu kutoka milimani lilianguka mitaa miwili kutoka kwetu. Kwa rehema za Mungu hatukupoteza mtu, lakini Mama presha ilimpanda akalazwa. Kichwa kikawa hospitali, na biashara ikawa humohumo ndani ya kichwa. Wikiendi ile harusi mbili zilifika mlangoni kwetu na mikokoteni, zote zikidai sahani zilezile. Bwana harusi mmoja alimkamata mwenzake tai, na wote wawili walikuwa wameshanyoa vizuri kwa ajili ya picha.

Kwa hiyo alipokuja Xavier na maneno yake, masikio ya Mama yalikuwa wazi.

Xavier alikuwa kijana mwembamba mwenye shati jeupe lililokuwa kubwa shingoni. Alifanya kazi katika kampuni moja ndogo iliyoitwa Buja-Distance, yenye ofisi Quartier Industriel, nyuma ya maghala. Alikuja na mkoba, akakaa kwenye kiti cha kukodisha, akaanza kueleza.

"Mama, ile commande yote ya batu, nani ametaka nini na siku gani, haitakaa tena mu kichwa yako. Itakaa mu mashine moja kubwa, iko Ubelgiji. Hapa kwako tutaweka kamashine kadogo ya kuangaliamo, na laini ya simu. Bombe ikianguka hapa, majina ya clients yako iko salama kule."

"Na mi?" Mama akauliza.

"Wewe... wewe apana, Mama. Ni majina tu."

"Basi peleka mi Ubelgiji, majina ibaki hapa."

Xavier akacheka mpaka miwani ikamshuka puani. Mama hupenda mtu anayecheka vizuri. Akamsogezea maji.

"Na hii kitu ni bei gani?"

"Mwezi moja ni bure. Bure kabisa, Mama. Unajaribu. Ukiipenda, mwezi ikiisha unasinya karatasi ya contrat, unalipa ya mwaka. Usipoipenda, mi nakuja natoa mashine, hakuna palabre wala makelele."

Hapo ndipo alipojichimbia shimo, na hakujua. Kwanza alitamka neno bure. Pili, alilitamka jioni ya kuamkia Ramadhani. Kesho yake, siku ya kwanza ya kufunga, alikuja mwenyewe amebeba kompyuta kifuani, jasho linamtiririka, akaiweka sebuleni kwetu. Akaleta na kiti. Kiti chenyewe kilikuwa na magurudumu, kinazunguka, kina pa kuegemea mgongo. Akauliza nani atakayeandika. Mama akanitazama mimi, mimi nikatazama cheti changu ukutani, na kabla hajamaliza kuuliza nilikuwa nimeshakaa.

Sitaficha: nilikipenda kile kiti kuliko nilivyompenda mume wangu. Mama akalazimika kumlipa mwanamke wa jirani aje kuosha vyombo, kwa sababu mimi nilikuwa "mu buro", yaani ofisini. Niliandika harusi, nikaandika matanga, nikapaka kucha rangi. Laini ilipiga mluzi, ikakatika, ikarudi. Kuna siku nilichambua maharagwe ya futari yote nikingojea jina moja tu lifike Ubelgiji. Umeme ukikatika nilizunguka kwenye kiti gizani. Hata hivyo mambo yalikwenda, na nilijua kabisa kwamba siku Mama atakapokataa kulipa, kiti kitaondoka na mimi nitarudi kwenye beseni.

Na Mama naye aliipenda mashine, kwa sababu zake. Katika juma la pili alikuja Pascaline, mama mmoja wa kanisani kutoka Kamenge, akitaka sahani zote na sufuria kubwa kwa ajili ya harusi ya mwanawe Jumamosi. Nikatafuta, nikaona Jumamosi hiyo vyombo vimeshaahidiwa kwa Musafiri makanika, anayemsomea baba yake hitima. Zamani Pascaline angekaa hapo mpaka jioni, analia, anamtaja Mungu wa pande zote mbili, na Mama angekubali kisha presha ingempanda. Safari hii Mama aliinua mikono tu.

"Pascaline, dada yangu, mi ningekupatia. Mbeleji ndiye amekataa."

Pascaline akaangalia mashine, akaangalia taa yake ya kijani inayopepesa, akasema, "Kama ni Mbeleji amekataa, basi," akaondoka kwa amani kuhamisha tarehe. Mama akabaki ameshika kiuno, anatabasamu peke yake. Tangu siku hiyo Mbeleji alikataa mengi nyumbani kwetu. Alikataa kukopesha, alikataa kupunguza bei, mpaka alimkataa shangazi mmoja aliyetaka kuja kukaa kwetu miezi mitatu.

Lakini kulipa? Hapo sasa lazima nieleze desturi, maana bila hiyo mtu atamwona Mama ni bahili, na bahili si yeye.

Kwetu Buyenzi, mwezi wa kufunga, jua likielekea kuzama, sahani zinavuka barabara. Huyu anapeleka uji kule, yule analeta sambusa huku, zimefunikwa kitambaa. Sahani ya mtu hairudi tupu. Utaiwekea tende, ndizi mbivu, kipande cha sabuni, hata chumvi, lakini tupu hairudi. Ukiirudisha tupu umesema kwa sauti kwamba hutaki tena kujuana na mwenyewe. Na kitu kilichokuja juu ya sahani hakiulizwi bei. Mtu akikuletea uji, ukamwuliza "nikulipe ngapi?", umemtukana yeye na mama aliyemzaa.

Xavier alikuja nyumbani kwa watu mwezi wa Ramadhani, amebeba kitu kwa mikono yake, akasema bure. Katika hesabu ya Mama, ile haikuwa mashine ya majaribio. Ilikuwa sahani, tena imejaa. Akaanza kuijibu.

Jioni ile ile ya kwanza alimkalisha mkekani pamoja nasi. Xavier alikuwa Mkatoliki, lakini tumbo lake halikuwa na ubishi. Alikula sambusa, akala maharagwe ya nazi, akanywa uji wa pilipili manga machozi yakamtoka. Mama alipomuuliza habari za kwao akasema kwao ni Carama, nyumba ilichomwa, mama yake na wadogo zake wako kambini Tanzania, yeye alibaki kwa sababu ya shule kisha kwa sababu ya kazi. Hajamwona mama yake tangu akiwa mvulana wa sekondari. Sasa amepanga chumba Kamenge.

"Nani anakupikia?"

"Nanunua mukate, Mama."

Mama alichukua sahani nyingine, akaipakia mpaka kitambaa kikakataa kufunika, akampa aende nayo kabla ya saa za kutotoka nje. Kesho yake Xavier aliirudisha na paketi ya biskuti ndani. Mama akaifunua, akaona biskuti, akaniambia jikoni kwa sauti ya kunong'ona iliyosikika mpaka barabarani, "Mutoto amelelewa." Ikawa hivyo kila siku. Sahani inakwenda Kamenge na wali, inarudi na biskuti. Inakwenda na samaki, inarudi na sabuni. Shati likaanza kumkaa shingoni.

Mwezi ulipokaribia mwisho, akajaribu kuzungumzia contrat. Nilikuwa kwenye kiti changu, nimetega masikio.

"Mama, mwezi iko karibu kuisha."

"Eeh, inshallah tutaiona Idi wote."

"Sasa iko na ile karatasi kidogo..."

"Kula kwanza."

Akala. Akanawa. Akaitoa karatasi kwa woga, akaiweka kando ya bakuli.

"Hii ni nini?"

"Ni contrat, Mama. Ya kulipa mashine."

Mama aliiangalia karatasi kama vile mtu ameweka kiatu kwenye meza ya chakula.

"Xavier. We uliniletea kitu mu mwezi wa Ramadhani, mi nikakupokea na mikono mbili. Leo unataka kuniuzisha? Nani amekukosea mu hii nyumba?"

"Hakuna mutu, Mama."

"Sambusa haikuwa na chumvi?"

"Ilikuwa nayo."

"Basi toa karatasi yako, itashika mafuta."

Akaitoa. Nikamsindikiza mpaka nje, na pale chini ya ukuta akaniambia yote. Bwana mkubwa wake, Népomuscène, alimgawia Buyenzi nzima, na katika Buyenzi nzima hakuna hata mmoja aliyesaini. Aboubacar wa vipuri vya magari, alipoombwa kulipa, alimpa viatu. Assia, fundi cherehani, alimshonea suruali na kumwambia atamtafutia mchumba. Kila mtu alipewa kitu bure, na kila mtu akamgeuza ndugu. Népomuscène amesema kama mpaka Idi hakuna sahihi hata moja, mashine zitang'olewa na Xavier naye atang'olewa pamoja nazo. Katika mji wa Bujumbura hapakuwa na mtu aliyekaribia kufukuzwa kazi akiwa amevaa vizuri na kushiba kiasi kile.

"Ile yote napeleka ku Tanzania kwa mama, inatoka ku hii kazi," alisema. "Nikifukuzwa, nani atabatumia?"

Nikarudi ndani nimewaka. Nilimwonea huruma, ndiyo, na nilikionea huruma kiti.

"Mama, ile si zawadi. Ni biashara. Ni sawa na we unavyokodisha sahani."

"Mi nimeshamupatia mutu sahani za bure kwanza?"

"Apana."

"Unaona. Mi ni mufanyabiashara. Ule ni mutoto ya batu."

Jaribuni nyinyi kumjibu. Nilizunguka kwenye kiti mara mbili tatu. Nikamwambia Mama kwamba Xavier atapoteza kazi. Akasikitika kwa kweli, akashika kifua, akasema basi kuanzia kesho atamwongezea nyama. Nikamwambia mtoto hataki nyama, anataka kulipwa. Akaniambia nimeanza kuwa na roho ngumu tangu nikae kwenye kile kiti.

Usiku nilifikiri, na nikaona jambo lilivyo. Mama hakushindwa kulipa, na hakukataa mashine. Alikuwa hawezi kumlipa Xavier kwa sababu Xavier ni wa nyumbani. Aliyewahi kumlipa mtu wa nyumbani simjui. Anayelipwa ni mtu baki. Kwa hiyo Xavier alitakiwa awe mtu baki, na awe haraka, kwa sababu Idi ilikuwa mlangoni.

Kesho yake alipokuja kukagua laini nikamvuta karibu na mashine, nikajifanya namwonyesha kitu.

"Ile sahani ya jana uliiacha wapi?"

"Iko mu mukoba. Nimeweka sukari ndani."

"Toa sukari."

Hakuelewa. Nikarudia. Alipoelewa rangi ilimtoka.

"Houda, apana. Hata kwetu Carama kitu kama hii batu habafanye."

"Ndiyo maana itasaidia."

"Atanichukia."

"Atakukasirikia. Akikukasirikia atakulipa. We unataka kupendwa ama unataka kazi?"

Ni swali baya, najua, na niliuliza kwa raha, maana wakati ule niliona nina akili kuliko mtaa mzima. Xavier akavua miwani, akaifuta kwa pindo la suruali ya Assia, akaivaa tena. Akatoa sukari kwenye sahani, akanipa mimi niishike. Nikaificha nyuma ya mashine.

"Usiombe samahani," nikamnong'oneza. "Ukiomba samahani umeharibu."

Mama alikuwa uani anakanda unga. Xavier akamwekea sahani mbele yake, juu ya mkeka. Mama akainua kitambaa. Akaweka kitambaa. Akakiinua tena. Kisha akaishika sahani, akaigeuza chini, akaona ile alama yetu ya rangi nyekundu, akaigeuza juu.

"Kuna kitu ilianguka mu njia?"

"Apana, Mama."

"Ulisahau?"

Xavier akanitazama. Nikamkazia macho.

"Apana, Mama. Sikusahau."

Yule mwanamke jirani aliyekuwa anaosha sufuria akaacha kuosha. Mama akasimama polepole, unga mpaka kwenye viwiko, na uso wake ukaingia ile sura ambayo mimi nimeiona mara mbili tu, siku ya bomu na siku nilipoleta talaka.

"Houda! Leta ile karatasi ya Monsieur."

Monsieur! Xavier akafumba macho. Nikaikimbilia karatasi kabla hajabadilisha nia. Mama akasaini akiwa amesimama, ameilaza kwenye mlango, kalamu ikatoboa, na alama ya unga ikabaki pembeni. Akaingia chumbani, akatoka na pesa za mwaka mzima, akazihesabu mkononi mwa Xavier kwa sauti, na kila noti aliitamka kama anataja dhambi ya mtu. Akadai risiti. Xavier akaandika risiti.

"Asante, Mama."

"Madame Sikuzani," akasema Mama. "Na client akiwa na shida ya laini, unabisha hodi ku mulango, unangojea nje."

Hivyo ndivyo nilivyoshinda. Xavier alipata sahihi yake, ya kwanza Buyenzi nzima, na Népomuscène akampongeza mbele ya ofisi nzima. Mimi nilipata kiti kwa mwaka mmoja. Nilikaa nikazunguka. Nikaandika harusi mbili za baada ya Idi. Jioni, jua lilipozama, Mama alipakua vyakula, akachukua sahani moja zaidi, akaijaza nusu, akasimama nayo. Kisha akairudisha nusu ile kwenye sufuria, kijiko kwa kijiko, akaifunika. Siku ya pili akafanya vilevile. Mimi nina mdomo, mnajua, lakini futari ile niliila kimya na haikuwa na ladha, na kiti kikaanza kuniuma mgongo.

Mwezi ukaandama. Asubuhi ya Idi, baada ya swala, nyumba ilijaa: Aboubacar na familia yake, Assia, Musafiri, na Pascaline naye alikuja, maana yeye hapitwi na pilau ya dini yoyote. Tulikuwa tumekaa mkekani hodi ilipobishwa. Mlango ulikuwa wazi kabisa, watu wanaingia na kutoka, lakini mtu alibisha na hakuingia.

Alikuwa Xavier. Amesimama nje, amevaa viatu vya Aboubacar, suruali ya Assia, na mikononi ana sahani ya bati, ya kwake mwenyewe, imefunikwa kitambaa cha meza.

"Laini haina shida," Mama akasema bila kuinuka. "Leo hatufanye kazi."

"Sikuja ya laini, Madame."

"Unataka nini?"

"Nimeleta hii. Nimepika mi mwenyewe."

Akaingia hatua moja, akaiweka mkekani, akaifunua. Mungu anisamehe, sijawahi kuona chakula kama kile. Ulikuwa ugali, nadhani, umeungua upande mmoja na upande wa pili ungali unga. Juu yake ndagala, dagaa wa ziwani, waliokaangwa mpaka wakawa mkaa, na lengalenga, mchicha wetu, iliyochemka ikakata tamaa. Pascaline akageuza uso upande wa ukuta.

Xavier akatoa mfukoni ile contrat, iliyotobolewa na kalamu.

"Na hii nimeileta ya kupasua," akasema. "Nitamuambia patron akurudishie pesa, anifukuze kama anataka. Mi nilipata kazi, ni kweli. Lakini jioni nafika ku chumba, nakaa naangalia mulango. Mi nimeshakuwa bila mama miaka mingi, nilizoea. Sasa sizoee tena. Sitaki contrat. Nataka mukae na hii sahani yangu, hata kama mutaitupa."

Nami, nasema wazi, moyo ulinipiga mara mbili: mara moja kwa ajili yake, na mara moja, Mungu ananijua, kwa ajili ya kiti. Na la kwanza lilipiga kwa nguvu zaidi, mpaka nikashangaa.

Mama alinawa mikono. Akamega ugali kule ulikoungua, akachovya kwenye lengalenga, akaweka na ndagala wawili. Akatafuna. Tulisikia akitafuna. Akameza, akanywa maji, akamega tena. Alikula ile sahani mbele ya wageni wa Idi, na pilau imekaa pembeni inapoa, mpaka bati likaonekana.

"Nani alikufundisha kupika?" akauliza.

"Hakuna."

"Inajulikana." Akafuta midomo. "Ile siku, sahani ilirudi tupu kwa nini?"

Xavier hakunitazama hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyoniponza, kwa maana mtu mzima asiyetazama upande mmoja kabisa anaonyesha upande uleule. Mama akageuka akaniangalia mimi, muda mrefu. Sikusema kitu, na wala sisemi kitu hata leo.

"Haya," akasema hatimaye. "Weka karatasi yako mu mufuko."

"Lakini Mama, hauwezi kumulipa mutoto yako. Mi najua sasa."

"Nani amekulipa we? Mi nimelipa Wabeleji." Akawageukia wageni kama mtu anayeeleza jambo dogo. "Bale Wabeleji bamenipatia nini? Hata chumvi habajanipatia. Mwezi mzima banakula umeme yangu. Bale nitabalipa, hata mwaka kesho. Ile pesa Xavier aliibeba tu."

Aboubacar akapiga goti lake. "Wallahi ni kweli! Mi pia, Mbeleji si ndugu yangu, nitamulipa." Na palepale akamwuliza Xavier ana karatasi nyingine mfukoni. Assia naye akauliza. Nilitaka kulia kwa hasira. Hila yote ile, sukari nyuma ya mashine, kumbe ilitosha kumtoa Xavier kwenye sentensi na kumwingiza Mbeleji.

Mama alikuwa ameshachukua sahani, moja ya zile zetu nzuri za maua, zile za meza kuu ya harusi. Akaijaza pilau, akapanga nyama juu yake.

"Houda. Kaa ku kiti, andika."

"Mama, leo Idi."

"Andika mu mashine ya Ubelgiji. Sahani moja ya maua. Imetoka kwa Sikuzani. Imeenda kwa Xavier. Hairudi."

Nikakaa, nikaandika. Laini ikapiga mluzi, kisha kisanduku kimoja kikawa chekundu. Mashine ile haikubali chombo kitoke bila tarehe ya kurudi.

"Mama, inakataa. Inataka siku ya kurudisha."

"Mwambie ni ya mutoto ya nyumba. Mutoto harudishe sahani ku nyumba yao."

"Haisikii, Mama. Inataka tarehe."

"Ni mashine ya batu bale babaya," akasema Mama, na wageni wote wakakubali.

Xavier akafuta mikono kwenye suruali, akaja akainama juu ya bega langu. Akaandika mwaka wa mbali, mashine ikaukubali. Akaandika wa mbali zaidi. Akaendelea hivyo mpaka akafika mahali ambapo mashine yenyewe haikujua tena kuhesabu, akarudi nyuma mwaka mmoja, akabonyeza. Kisanduku kikawa cheupe. Akasubiri mpaka mluzi uishe, ndipo akaenda kukaa mkekani pembeni ya Mama, akala.